Mlima Haukunifunga Kizazi

Kwenye benchi la kliniki ya wanawake hakuna anayemuuliza mwenzake amekuja kufanya nini. Mwenye tumbo kubwa anajulikana, na mwenye kichanga mgongoni anajulikana. Sisi wengine tunaangalia ukutani, tunasoma bango la chanjo mpaka tunalikariri, na jina likiitwa tunanyanyuka haraka lisije likarudiwa kwa sauti. Nimekaa kwenye mabenchi ya namna hiyo kwa miaka, Moshi mjini na Dar es Salaam, na kitu nilichokitamani kuliko hata dawa ni mtu mmoja anigeukie aseme, "Dada, hata mimi." Hakutokea. Basi ngoja nikwambie wewe: hata mimi.

Naitwa Restituta, nyumbani huniita Resti. Kazi yangu ni kuongoza watu kupanda Mlima Kilimanjaro. Nilianza chini kabisa, kama mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi huku kwetu, nikiwa na mzigo wa wageni kichwani na sweta la kaka yangu mwilini. Wanaume wa kundi letu walinitania kwamba nitageuza kabla ya kambi ya kwanza. Sikugeuza. Nilibeba mizigo misimu mingi, nikajifunza Kiingereza kwa kusikiliza wageni, nikafanya mafunzo, nikapata leseni ya kuongoza. Siku nilipotangulia mbele kwa mara ya kwanza, wale walionitania walikuwa nyuma yangu kwenye mstari. Nasema haya mapema ili ujue ugonjwa huu ulimkuta mtu wa namna gani. Sikuwa mtu wa kukata tamaa, na bado nusura nikate.

Nilifunga ndoa na Aloyce, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha hapa Marangu, mtu wa maneno machache. Tulijenga kwenye kihamba cha baba yake, yaani lile shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa ambalo familia zetu hurithishana. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Mama mkwe, Mama Filomena, nyumba yake iko upande wa pili wa migomba. Nikikaanga vitunguu anasikia harufu. Yeye akikohoa, nasikia.

Mwaka wa kwanza wa ndoa watu wanakutania. Wa pili wanakutazama tumbo kabla ya uso. Wa tatu wanaacha kutazama, na huo ndio unaouma zaidi. Kwetu Krismasi kila mtu hurudi nyumbani, kutoka Dar, kutoka Arusha, kutoka Mwanza, na nyumba ya mama mkwe hujaa wajukuu. Mimi nilikuwa shangazi mzuri. Nilijua nani anaogopa kuku na nani hali maharage. Jioni nilikuwa narudi nyumbani kwangu, nafungua mlango, na ule ukimya unanipokea kama mgeni aliyenitangulia kuingia.

Mama mkwe si mtu mbaya, na naomba usimsome hapa kama mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilitafuta mahali pa kukaa. Siku moja alinikuta namenya ndizi uani, akavuta kigoda.

"Mke wa Aloyce, nikwambie kitu bila kukasirika?"

"Sema, mama."

"Mwili wa mwanamke unataka joto. Wewe kila wiki uko huko juu kwenye barafu, unalala chini, unabeba mizigo. Ule mlima ndio umekufunga kizazi."

Nilimjibu kwamba mzigo siku hizi sibebi, naongoza. Lakini neno lilishaingia. Usiku wa mlimani nilipovaa soksi tatu bado nikahisi baridi, nilianza kujiuliza. Mwishowe, masika yalipofika na wageni wakapungua, nilimwambia bosi wangu kwamba msimu ukianza asinipange.

Nilikaa nyumbani mwaka mzima. Nilikunywa mizizi iliyochemshwa ya kila rangi. Nilikwenda kwenye zahanati moja ya mjini ambako waliniambia kizazi ni kichafu, wakanipa vidonge vya kukisafisha. Nikarudi, wakasema bado kichafu kidogo, wakanipa vingine. Pale hakuna aliyenifunua tumbo wala kuniuliza nimeugua nini utotoni. Mapaja yangu yalilegea. Kila asubuhi nikifagia uwanja, mawingu yakifunguka, kilele cha Kibo kilikuwa pale pale, cheupe, na mimi nilikuwa nainamisha kichwa niendelee kufagia. Na kila mwezi, damu ilikuja kwa wakati wake, bila kukosea. Kama ni baridi ya mlima iliyokuwa imenifunga, basi joto la mwaka mzima lilishindwa kunifungua.

Siku niliyobadilika ni siku niliyokwenda kuuza viatu vyangu vya mlimani.

Nilivinunua kwa Mwanahamisi, mwanamke wa Moshi mjini anayeuza viatu vya mitumba. Wagumu wengi humfahamu, kwa sababu kiatu akikwambia kitafika kileleni, kinafika. Niliviweka mbele yake nikamwambia anipe anachoona kinafaa. Aliviangalia, akaniangalia mimi.

"Umeumia mguu?"

"Hapana."

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana, dada. Nimeacha. Natafuta mtoto."

Hakusema pole. Alisogeza mzigo wa raba, akanipa nafasi nikae kando yake, akaagiza chai ya maziwa. Kisha akaanza kuniambia habari zake, kwa sauti ya chini huku anapanga bidhaa, kana kwamba anazungumzia mtu mwingine. Alikuwa ametafuta mtoto miaka mingi. Mimba zilishika na kutoka, zikashika na kutoka. Alitibiwa, akajaribu tena, mpaka siku moja yeye na mume wake wakakubaliana kwamba inatosha.

"Sikupata," alisema. "Lakini nilijua nina nini. Wewe unajua una nini?"

Nilimtajia ile zahanati.

"Hao si wa ugonjwa wako. Umemwona daktari bingwa wa uzazi? Bingwa, siyo daktari wa kila kitu. Na mumeo amepimwa?"

"Mume wangu ni mzima."

"Nani kakwambia? Mama yake?" Akacheka, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kisha akanirudishia viatu. "Hivi sinunui. Nenda navyo."

Nilimkuta Aloyce kwenye karakana yake anachomelea geti. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana nikikaa ningeogopa. Alivua miwani yake ya kazi, akanisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akaendelea kuchomelea. Nikarudi nyumbani nikiwa na uhakika kwamba nimeharibu ndoa. Keshokutwa yake asubuhi nilimkuta amevaa shati la kanisani, amenyoa.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Si ulisema bingwa?"

Sitamaliza bila kuwaambia wanaume hili. Kipimo cha mbegu za mwanaume hakichukui muda na hakiumi. Kinachouma ni kupokea kikopo kwa muuguzi aliye na umri wa mdogo wako wa mwisho, ukapita nacho koridoni mbele za watu. Aloyce alikishika kikopo kile kama mtu aliyeshika yai la mwenzake. Alipotoka aliniambia, "Afadhali kuungua na moto." Majibu yalipokuja yalikuwa mazuri. Nilimtazama usoni nione kama atapumua kwa furaha, kwa sababu sasa dunia nzima ingejua tatizo ni langu. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaniuliza kama nina njaa.

Kisha ikawa zamu yangu. Daktari wetu alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye sauti isiyo na haraka. Alinilaza, akafunua tumbo, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kidole kwenye kovu langu la zamani upande wa kulia.

"Hili ni la nini?"

"Kidole tumbo, nikiwa darasa la sita."

"Walikitoa kabla hakijapasuka au baada?"

Nilimweleza ninavyokumbuka: baba alidhani ni minyoo, nikaumwa siku kadhaa, wakanishusha kwa machela ya miti hadi barabarani, na huko hospitali walisema usaha ulikuwa umeenea tumboni. Daktari alitikisa kichwa taratibu, akaniandikia picha ya mirija.

Picha ya mirija inapigwa kwa kupitisha dawa ndani ya kizazi ili waone kwenye eksirei inafika wapi. Nitakuwa mkweli: mimi iliniuma. Nimewahi kushuka mlima na kifundo cha mguu kilichoteguka, na hii iliuma zaidi, ila ilikuwa ya dakika chache. Omba dawa ya maumivu mapema. Nenda na mtu wa kukushika mkono wakati wa kurudi. Na usione aibu kulia, waliopo mle ndani wameshaona.

Mirija yangu yote miwili ilikuwa imeziba, na kwenye mwisho imevimba, imejaa maji. Ule usaha wa utotoni ndio ulioacha makovu. Daktari alituonyesha kwa kalamu, mimi na Aloyce, na nilipoelewa niliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo siyo mlima?"

"Mlima upi?"

"Kilimanjaro. Baridi. Mizigo."

Alicheka, lakini hakunicheka mimi. "Mlima haujawahi kuziba mirija ya mtu, mama. Ungeniuliza mapema ningekwambia uendelee kupanda."

Nililia pale pale. Daktari alidhani nalilia mirija, akanisogezea karatasi za kufutia machozi, akaanza kunituliza kwamba bado kuna njia. Mimi nilikuwa nalilia mwaka wangu. Nililia kwa uchungu na kwa furaha, kwa sababu mtu aliyesoma, mwenye picha mkononi, amenirudishia kitu nilichokuwa nimenyang'anywa.

Njia iliyokuwepo ilikuwa ni kupandikiza mimba: mayai yachukuliwe, yakutanishwe na mbegu za baba nje ya mwili, kisha kilichotungwa kirudishwe kizazini. Huduma hiyo tungeifuata Dar es Salaam. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na jambo gumu. Yale maji kwenye mirija yangeharibu kila kitakachopandikizwa. Ushauri wa daktari ni kwamba mirija yote miwili iondolewe.

Elewa maana yake. Mirija ikitoka, hakuna tena muujiza wa kawaida. Hakuna ile ya "huwezi kujua, Mungu anaweza kukushangaza mwezi ujao." Nilikuwa natakiwa kufunga mlango mmoja moja kwa moja ili nipate nafasi kwenye mwingine, na huo mwingine hakuna aliyeniahidi kwamba utafunguka.

Habari ilifika kwa mama mkwe kabla hatujaipeleka wenyewe, na ilipofika ilikuwa imeharibika. Jumapili baada ya misa tuliitwa. Alikuwepo yeye, baba mdogo wa Aloyce ambaye ndiye mkubwa wa familia sasa, na wifi yangu mmoja. Tuliwaamkia shikamoo, wakaitikia, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, lakini hakuna aliyeinywa.

"Tumesikia mke wako anakwenda kukatwa kizazi," baba mdogo alimwambia Aloyce. "Huko ndiko mnakotafutia mtoto?"

Kwetu mke haongei kwenye kikao kama hicho mpaka aulizwe. Aloyce alifungua mdomo. Nilimgusa goti, nikasimama mwenyewe. Nimeshawahi kusimama mbele ya wageni kumi wanaolia kwa kichefuchefu na upepo, nikawaambia tunaendelea. Nilijua namna ya kuongea huku naogopa.

"Baba, mama, naomba mnisikie. Hakuna anayekata kizazi. Kizazi changu ni kizima. Kilichoharibika ni mirija miwili ya pembeni, na iliharibika nikiwa mtoto, kwa kidole tumbo kilichopasuka. Haikuharibika mlimani. Sikuiharibu kwa tabia mbaya wala kwa kutoa mimba, najua hayo nayo yamesemwa. Nimepimwa na bingwa. Naondoa kilichooza ili kilichopona kifanye kazi. Sijaja kuomba ruhusa, nimekuja kuwaeleza kwa heshima, ili mkisikia mnasikia kwangu."

Baba mdogo alimgeukia Aloyce. "Na wewe umepimwa?"

"Tumepimwa wote," Aloyce alisema. "Tuna tatizo, na tunalitibu."

Alisema *tuna*. Karatasi yake nzuri ilikuwa mfukoni mwake, angeweza kuitoa akajisafisha mbele ya ukoo. Hajaitoa mpaka leo. Wanawake wenzangu, nimeambiwa mambo mengi matamu maishani, lakini neno hilo moja ndilo ninaloliringia.

Mama mkwe alinyanyuka, akapitia kwenye migomba, akaenda zake.

Nilipasuliwa katikati ya masika, mvua ikipiga bati la wodi mpaka manesi wanapandisha sauti. Walikusudia kupitia kwenye matundu madogo, lakini makovu ya zamani yaliwashinda, wakafungua. Niliamka na kiu na maumivu ya kukatika vipande viwili. Tumbo lilijaa gesi, kucheka kulikuwa adhabu, kukohoa kulikuwa adhabu kubwa zaidi. Siku ya kusimama nilitembea kutoka kitandani mpaka dirishani, na nakwambia, nimepeleka watu kileleni wakashangilia hatua ndogo kuliko zile.

Siku niliyorudi nyumbani, mama mkwe aliingia jikoni kwangu bila hodi, na sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa. Ulikuwa mtori, ndizi zilizopondwa na nyama mpaka zikalainika, na siagi juu. Huku kwetu mtori huo anapikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Mimi sikuwa nimejifungua kitu, nilikuwa nimetolewa. Alinipakulia, akakaa akinitazama nikila.

"Mtu aliyefunguliwa tumbo ni mzazi," alisema kwa kifupi. "Kula."

Alikuja na sufuria ile kila siku mpaka nyuzi zikatolewa. Hatukuzungumzia kikao. Wakati mwingine mtu anaomba radhi kwa mwiko, na ukiwa na akili unapokea.

Kiangazi kilipofika, daktari alinikagua akaniambia niko huru kufanya kazi. Nilimpigia bosi wangu siku ile ile. Nilipandisha kundi la kwanza kwa woga, mkono kwenye kovu kila tunapopumzika. La pili bila mkono. Kileleni sikufanya sherehe, niliwapiga wageni picha kama kawaida, nikawahesabu, nikawageuza tushuke. Lakini nilikuwa nimerudi, nikiwa na mwili uliopungua mirija miwili na kuongezeka kitu kingine nisichokuwa na jina lake.

Kuhusu Dar nitasema machache. Fedha zilipatikana kwa kuuza vitu na kwa michango ya watu wanaotupenda, tuishie hapo. Mimi ni Mkatoliki, najua Kanisa langu linafundisha nini kuhusu njia tuliyochagua. Nilikaa na hilo muda mrefu kwenye sala, nikafanya uamuzi, naubeba mwenyewe. Sitabishana na mtu, na kama wewe dhamiri yako inakupeleka kwingine, nakuheshimu.

Tulikaa kwa dada yake Mwanahamisi, ambaye alitupa chumba na hakuuliza swali hata moja. Joto la Dar kwa mtu wa Marangu ni ugonjwa peke yake. Kila siku nilijidunga sindano tumboni, upande huu leo, upande ule kesho, mpaka ngozi ikawa na alama za bluu. Nilivimba. Nililia kwa sababu chai imepoa. Aloyce, mtu wa vyuma, alijifunza kunidunga kwa mkono mwepesi kuliko muuguzi. Chumba cha kusubiria kule kilikuwa na viti laini na luninga, lakini ni benchi lile lile, wanawake wale wale wanaotazama ukutani. Safari hii niligeuka. Nilimwambia mama wa Singida aliyekuwa pembeni yangu, "Mimi mirija. Wewe?" Alinitazama kwa mshangao, kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka alipoitwa.

Mayai yalitoka machache kuliko walivyotarajia. Vilitungwa viinitete viwili vyenye nguvu. Kimoja walikipandikiza, kingine wakakigandisha.

Tulirudi nyumbani kusubiri. Ilikuwa wakati wa kuchuma kahawa, matunda mekundu matawini, na nilikatazwa kazi nzito, lakini kuchuma kahawa mama mkwe aliniruhusu nikiwa nimekaa. Nilikuwa kwenye kigoda chini ya mti wa kahawa, kikapu kimejaa nusu, niliposikia unyevu. Sikuhitaji kwenda kuangalia. Mama mkwe aliona uso wangu. Aliweka kikapu chake chini, akaja akakaa kwenye nyasi, mwanamke wa umri ule, miguu ameinyoosha mbele.

"Imetoka?"

"Imetoka, mama."

Nikataka kuinuka niendelee, kwa sababu sikujua kufanya nini kingine.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Leo kahawa itajichuma yenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Nililia juu ya bega lake, na yeye alilia pia, kwa Kichagga, akimsemesha mtu ambaye sikumwona. Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko upasuaji. Mwanahamisi alipanda kutoka mjini na kitenge na maandazi, akakaa siku nzima. Nilimuuliza, "Ulijuaje kwamba inatosha?" Akafikiri. "Siku nilipoona nikisema inatosha sitachukia kuamka asubuhi. Wewe umefika hapo?" Nilijichunguza kwa ukweli. Sikuwa nimefika. Kulikuwa na kimoja bado, kile kilichogandishwa.

Tulirudi Dar mvua za vuli zilipoanza. Safari hii hakukuwa na sindano nyingi, vidonge tu na kusubiri, na chumba kile cha baridi chenye taa ndogo. Siku ya majibu ya damu nilikuwa Moshi sokoni. Simu ilipoita nilikuwa natafuta vitunguu. Muuguzi alisema jina langu lote, kisha akasema, "Hongera, mama." Nilikaa juu ya gunia la mfanyabiashara bila kumwomba. Alitaka kunifokea, akaona uso wangu, akaniletea maji.

Aloyce nilimkuta karakana. Nilipomwambia alizima mashine, akafunga mlango, na mteja aliyekuja kuchukua dirisha lake siku hiyo alirudi mikono mitupu.

Mimba niliibeba kwa hofu mpaka mwisho, sitakudanganya kwamba niliifurahia kila siku. Kila nikienda chooni nilikuwa nakagua. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, juu ya makovu yangu ya zamani, na alilia kabla hawajamaliza kumtoa. Msichana. Tulimpa jina la bibi yake, Filomena, kwa kifupi Mena.

Sasa wanawake hunitafuta. Wengine husubiri nishuke mlimani, wanajifanya wananiuliza kazi. Nawaambia haya: nendeni wawili, siku ya kwanza. Ulizeni bingwa wa uzazi yuko wapi, hospitali ya rufaa watakwambia, na usikubali kusafishwa kizazi na mtu ambaye hajakupima. Mweleze daktari kila kovu na kila ugonjwa wa utotoni. Uliza mpaka uelewe, hata akikunja uso. Na usiache kazi yako kwa sababu ya maneno. Siwaambii kwamba watapata, kwa sababu mimi na Mwanahamisi tulipita njia moja na yeye hakupata, na hakuna mwanamke Moshi nzima ninayemheshimu kuliko yeye. Nawaambia wajue walicho nacho, na wasimame wima wakikisema.

Mena alipoacha kunyonya nilirudi kazini. Safari ya kwanza ilikuwa na wageni wa Kijerumani na wagumu wengi, wawili kati yao wasichana. Siku ya kushuka tulikuwa tumechoka, vumbi mpaka kwenye kope, tunaimba. Kwenye geti la hifadhi kulikuwa na watu wengi, wauza vinyago, madereva, watalii wanaoanza. Nikamwona mama mkwe. Hakuwa ameniambia atakuja. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri cha kanisani, na Mena mgongoni amefungwa kwa khanga, kichwa kimechungulia pembeni.

Mama mmoja anayeuza karanga alikuwa anamchezea mtoto mashavu. Nilikuwa nimeshakaribia vya kutosha kusikia.

"Mzuri huyu. Mama yake yuko wapi?"

Mama mkwe alinyoosha mkono, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wageni.

"Yule pale. Yule aliye mbele ya wanaume wote."